Mpaka Uliochipua

Alhamisi, 2 Oktoba

Chaki zimeisha tena. Nimefundisha kwa vipande. Hesabu, kisha sayansi, kisha mvua juu ya mabati, hakuna aliyesikia kitu. Saa nane ikakatika, tukatoka.

Hii ni Alhamisi ya nne ya masomo ya nje. Madame Directrice, mkuu wa shule, amenipa muhula huu tu. Mwishoni ataamua kama darasa la tano liendelee kutoka au libaki kwenye madawati. Wazazi wengi hawataki. Wanasema mtoto hupelekwa shule ashike kalamu, matope anayo nyumbani. Nimewajibu mpaka nimechoka. Lakini Alhamisi nikinyang'anywa nitaumia. Niseme ukweli hapa, maana pengine siwezi: ndiyo siku pekee ambayo napenda kazi yangu.

Leo tulikwenda kwenye shamba la Maman Kostasia, chini ya barabara ya uwanja wa ndege. Ni mjane, anaishi peke yake. Ameniruhusu watoto wapime mteremko wake na kuchomeka vijiti. Kesho anavuka mpaka wa nchi kwenda Bukavu, binti yake anakaribia kujifungua.

Tulitumia kipimo cha miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Kamba ikitulia kwenye alama, miguu miwili ya kipimo iko sawa. Unachomeka kijiti kila mguu, unasogea. Ukimaliza una mstari unaozunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Pembe zote nilizochora ubaoni tangu Septemba, wamezielewa kwa saa moja.

Vijiti nilivisahau kwa seremala. Mimi na kichwa changu. Watoto wakavunja matawi kwenye ua mmoja wa miti njiani. Ya kijani, yamenyooka, hayana miiba, yanavunjika kirahisi. Yanatoa maji meupe. Tulichomeka arobaini na kitu, katikati kabisa ya shamba, upande hadi upande. Umetoka mstari mzuri sana.

Aline peke yake hakushika hata kimoja. Alisimama mikono nyuma. Ni msichana wa Nkungu, kule mashambani, analelewa na shangazi yake hapa Kamembe, anarudia darasa. Ndani hasemi, sasa nje pia hafanyi. Nimemwandikia sifuri ya ushiriki.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama wa Kevin wa darasani kwangu kaja shuleni kabla ya kengele. Jicho la mtoto jekundu, limevimba. Nikasema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua ilinyesha! Aliniangalia tu. Kampeleka kituo cha afya.

Sikulala vizuri mchana baada ya swala. Kichwa kinauma.

Jumatatu, 6 Oktoba

Jicho la Kevin limepona. Alhamdulillahi. Mama yake hajapona. Kaandika barua kwa Directrice akitaka masomo ya nje yakome, wazazi wengine sita wameweka sahihi. Directrice kanionyesha, kairudisha kwenye droo. Afadhali angegomba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Tumebaki ndani. Nimewafundisha maji yanavyobeba udongo, kwa mchoro. Wamenakili mchoro. Ndiyo hivyo.

Aline kapata mbili kwa kumi.

Jumanne, 21 Oktoba

Balaa.

Maman Kostasia karudi jana kutoka Bukavu. Kakuta vijiti vyetu vimechipua. Vile tulivyovunja ni umuyenzi. Mimi sikujua umuyenzi ni nini. Sasa najua. Ni mti ambao watu wa hapa wanaupanda kwenye mipaka ya mashamba. Ukiuchomeka tu, unaota. Anayeuona haulizi ni mti gani, anauliza ni nani kahamisha mpaka.

Na mstari wetu ulivyokaa! Chini ya shamba lake kuna shamba la Mzee Silasi, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Hawapatani kwa miaka. Mwanamke anatoka safari, anakuta safu ya miyenzi katikati ya shamba, sambamba na mpaka wa zamani. Utafikiri nini? Alifikiri shemeji kapandisha mpaka na kula nusu ya shamba akiwa hayupo. Alikwenda mlangoni kwake akamwita mwizi mbele ya wajukuu. Mzee naye akaapa, akamjibu maneno ambayo hayaandikwi. Wameitwa kwa chef wa mudugudu, mkuu wa mtaa. Watasikilizwa Jumamosi, kwenye mkutano baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi.

Yote haya nimeyasikia kwa jirani yao, leo sokoni, nikichagua nyanya. Alikuwa anacheka. Mimi nimeondoka bila nyanya.

Bado hakuna anayejua ni sisi. Maman Kostasia anakumbuka vijiti, lakini kwake vijiti ni vijiti na umuyenzi ni umuyenzi. Mwalimu mwenye akili asingepanda umuyenzi. Kumbe ananiheshimu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimezaliwa Bukavu, juu ya duka la cherehani la baba. Sindano nazijua kwa namba. Jembe nililikuta huku tuliporudi, na mpaka leo silijui. Watoto wangu wengi ni hivyo hivyo, wa maduka, wa gereji, wa soko. Tulikwenda kundi la vipofu thelathini na tisa.

Hapana. Thelathini na nane. Leo mapumziko nimemwita Aline. Nimemuuliza kama alijua ule mti. Akaitikia kwa kichwa. Mbona hukusema? Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa darasa.

"Mwalimu, njo pale banaandika. Tusikukatize."

Kanuni za darasa. Ya tatu: Usimkatize mwalimu. Mwandiko ni wangu, na rangi nyekundu nilinunua mwenyewe.

Alijua mti. Alijua hata maziwa yake yanaunguza macho, ndiyo maana aliweka mikono nyuma. Nami nikamwandikia sifuri. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utoto.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nikikiri, Directrice hana njia, atafunga masomo ya nje. Barua iko kwenye droo, inangoja sababu. Nikinyamaza, wazee wawili wanagombana mbele ya mtaa wote kwa kosa la hesabu ya darasa la tano. Na Alhamisi zinabaki.

Nimeandika sentensi hizo nikazisoma. Nimezisoma tena. Huwezi kuwatoa watoto nje wajifunze, kisha wewe ujifiche ndani.

Nimemwambia Directrice. Alivua miwani. Kasema atakuja mwenyewe Jumamosi, na kwamba Alhamisi zimesimama tangu sasa. Sikubisha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda tumechimba mtaro. Malengelenge mawili, mkono wa kulia. Watu waliokuwa karibu nami walicheka ninavyoshika jembe.

Kisha mkutano. Maman Kostasia upande mmoja, Mzee Silasi mwingine, kofia magotini. Chef alipouliza nani ana neno, nikasimama. Nikaeleza yote: kipimo, mstari, ua tuliovunja. Nikasema mzee huyu hana kosa, mama huyu hana kosa, mwenye kosa ni mwalimu. Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wote. Hata chef. Mimi nilitamani ule mtaro ungekuwa mrefu zaidi ya kimo changu.

Maman Kostasia hakucheka.

"Mwalimu, uliniomba kupima. Haukuniomba kukata shamba yangu nusu."

Nikasema, "Nihurumie Maman, sikuujua ule muti."

"Muntu muzima, haujui umuyenzi? Na weye ulisomaka wapi?"

Nilisoma sana, ndiyo tabu yenyewe.

Akamgeukia shemeji yake, akamwomba radhi mbele ya watu. Ilimgharimu, niliona shingo ilivyokakamaa. Mzee akavaa kofia yake, akasema yamekwisha. Wengine walipiga makofi, mimi sikuthubutu.

Chef akakumbusha desturi. Mpaka wa uongo hung'olewa na mikono ileile iliyoupanda, mashahidi wakiwepo wa pande zote mbili, ili kesho asitokee wa kusema vingine. Directrice akasema haraka kwamba mwalimu atakuja peke yake, watoto hawatoki tena.

"Hapana, Madame," akasema Maman Kostasia. "Batoto njo balipanda. Barudie. Bataacha je kazi mubaya mu shamba ya batu?"

Na si hivyo tu, akaendelea. Mvua za wiki hizi tatu zilipita kwenye vijiti vyetu. Udongo umeanza kujishika nyuma yavyo, kidogo, kimo cha kidole. Miaka yote udongo wake unateremka kwa shemeji, na kila wanapogombana hoja ndiyo hiyo, wewe unakula udongo wangu. Anataka miyenzi itoke, mstari ubaki. Pale pale papandwe urubingo, yale majani marefu ya ng'ombe, yanashika udongo na hayana neno la mpaka. Mzee Silasi akasema vipande vya kupanda atatoa yeye.

Directrice aliangalia viatu vyake vyenye matope. Kasema Alhamisi moja. Kisha ataona.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kabla ya kutoka nimebandua ile karatasi ya kanuni. Nimewaambia darasa nilikosa, na nikaeleza nilikosa wapi. Walinikodolea macho kana kwamba nimevua shati. Nimefuta sifuri ya Aline mbele yao.

Tukang'oa. Safari hii Aline ndiye aliyewaonyesha: shika chini, geuza uso, usiguse maziwa, mikono oshea hapa. Sentensi nne. Nimezihesabu. Kevin alimfuata nyuma, analinda macho yake. Chef alikuwepo, na wazee wawili, kila mmoja upande wake, halafu sijui saa ngapi wakawa upande mmoja wakimkosoa mtoto anayepanda urubingo kichwa chini.

Mizizi ilikuwa imeanza kabisa. Nimebaki nikiiwaza jioni nzima. Darasani watoto wakikosa, nafuta, tunaendelea, kosa halikumkuta mtu. Hapa kosa lilishika mizizi, likagombanisha watu, na likatufundisha mti, mpaka, udongo, na adabu ya kuomba msamaha. Nisingeweza kuliandaa somo lile hata ningekaa mwaka. Ningependa tu kusiwe na jicho la mtoto ndani yake. Hilo sitajisamehe haraka.

Jumatano, 5 Novemba

Directrice kaniita. Mama wa Kevin alikuja. Kevin kamfundisha nyumbani kutengeneza kile kipimo, wamegundua choo chao kimeinama. Hataki kuondoa jina kwenye barua, ila anauliza kesho watoto wavae viatu gani.

Directrice kasema tuendelee mpaka Desemba. Sharti moja: kabla ya kugusa kitu, niulize wenyeji. Kasema hivyo akitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mawingu, hakuna mvua. Tumerudi kwa Maman Kostasia kuangalia urubingo. Yote yameshika isipokuwa matatu.

Nimeanza utaratibu mpya. Tukifika mahali, kabla ya somo, nauliza: kuna kitu hapa ambacho mwalimu hajui? Kisha nangoja. Ni vigumu kungoja. Leo walitazamana, wakatazama chini. Nilikaribia kukata tamaa nikafungua daftari.

Aline akanyoosha mkono.

"Mwalimu, muguu."

Nikaangalia. Nilikuwa nimesimama juu ya maharage ya Maman Kostasia, machanga, majani mawili mawili. Nikasogea.