Mama Hakutua Mashini Yake

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Keshero tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto wa kike.

Umeniuliza kama wale watu wadogo wa sanamu unaowachonga kwenye ordinateri, hiyo kompyuta yako, wa kuonyesha watu wakikimbia vita, wanapaswa wote kulia kama mteja wako anavyotaka. Hapana! Tulipokimbia vita kule Kibumba nilikuwa msichana. Mutu mmoja mwenye kamera alimwambia mama yangu atue mashini yake ya kushona aliyoibeba kichwani, ashike kichwa, alie. Mama akamjibu: "Mimi ni fundi. Nipige picha hivi hivi, ao uniache." Yule wa kamera akamwacha, akatafuta mwingine wa kulia. Mpaka leo hasira hainiishi.

Mchonge mama na mashini yake kichwani. Mteja akikataa, mwambie koko yako, bibi yako mwenyewe, alikuwa pale.

Koko Mapendo