Ng'ombe wa Mokeira Hawatafika Manga

Ekerenyo,
Jumapili.

Kwako ndugu yangu Nyabuto,

Natumaini uko mzima huko Thika na kile kifua kimeachilia. Sisi tupo. Mama anakusalimu sana. Baba hakusalimu, na sababu utaiona. Ningekupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nitashindwa kusema.

Nimechoka, Nyabuto. Unajua nilijitolea kuwasaidia wale watafiti wa kupe. Kila siku nikishachuma chai naburuta kitambaa cheupe kwenye nyasi za malisho na kando ya vijia, halafu nawabandua kupe walionasa na kuwatia kwenye chupa. Watafiti wanataka kujua kupe wageni wa kule bondeni, wale wenye miguu ya madoadoa wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa, wamepanda huku kwetu hadi wapi. Magoti yananiuma, na sokoni wananiita mchungaji wa kupe. Hata Mama huuliza kama nimekosa kazi.

Basi, ndama wa jirani yetu Mong'ina akafa. Nikaanzia malisho yake, nikafuata njia ya mtoni, na kadiri nilivyokaribia kwetu ndivyo kitambaa kilivyojaa. Nikaingia zizini nikainama. Wale ng'ombe walioletwa na wakwe kutoka bondeni, mahari ya dada yetu Mokeira, walikuwa wamejaa kupe hao matumboni. Nilikaa chini palepale kwenye mavi.

Ndio hao ng'ombe uliokuwa ukiwangoja wapelekwe Manga kwa kina Persis, ili nawe uoe. Baba alinisihi ninyamaze hadi wafike, akisema kwamba kupe wako kila mahali, lakini harusi yako ni moja tu. Nikamwambia Baba kwamba mzee wa kina Persis naye ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na kupe hawa watamuua. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Sasa nikuambie. Chupa niliipeleka kwa watafiti. Wamesema ng'ombe wasitoke zizini mpaka watibiwe na kukaguliwa tena, na siku hawakutaja. Kisha, jamani Nyabuto, nilipanda boda boda hadi Manga nikamweleza baba yake Persis mimi mwenyewe, maana nilijua Baba angewapitisha kimyakimya. Mzee alinishukuru. Lakini alisema Desemba ikipita bila ng'ombe, atamsikiliza yule mwalimu wa Kebirigo ambaye naye anamtaka Persis.

Persis alinisindikiza hadi barabarani. Gauni ameshashonesha. Hakulia wala hakunilaumu, aliniuliza tu kama ningesema vivyo hivyo harusi ingekuwa yangu. Nikamjibu ndiyo, harakaharaka, nikapanda boda boda. Mpaka sasa sijui kama nilimwambia kweli.

Nitukane ukitaka, hata leo, ila usininyamazie. Zungumza na Persis kabla hujazungumza na Baba. Wasalimie unaoishi nao, na Mungu akutie nguvu.

Ni mimi dada yako,
Kemuma