Mstari Niliouruka

Kiprono, mdogo wangu,

Mtoto alizaliwa. Ni msichana, sasa anatambaa, na kila anachookota anatia mdomoni kama wewe. Baba ametengeneza kisanduku kwa mbao za kreti ya siagi, akakitundika juu kwenye boriti, akatia kufuli. Dawa zote zimo humo, hata ya kupaka. Ufunguo anavaa Mama shingoni. Kisanduku kizuri. Nikikiangalia nasikia uchungu, maana mbao hizo zilikuwa nyuma ya nyumba wewe ukiwa hai, kuku wanalala juu yake.

Hapa kambi ya vibarua wamesema mengi juu ya kifo chako. Mama Yosefu anasema ni jicho la mtu. Mchungaji alisema Mungu alikupenda zaidi. Mimi nikaangalia miguu yangu, unajua nilivyo. Lakini si jicho, na Mungu asisingiziwe. Ni mimi.

Unakumbuka ulipokuwa na homa ukatema kwinini mara tatu? Ukaniambia, "Chungu! Kula wewe!" Nikaiviringisha kwenye sukari, nikakwambia ni peremende ya Mama. Ukameza, ukataka nyingine. Wote wakanisifu. Tangu siku hiyo kila kidonge nyumbani kwetu kiliitwa peremende.

Halafu Mama akarudi kutoka kliniki Nakuru, mimba ikiwa kubwa, na chupa ya vidonge vya kuongeza damu. Vyekundu, vimepakwa sukari kweli. Nesi alikuwa ameandika karatasi kwa Kiingereza. Nyumba ilijaa wanawake waliotoka kuchuma maua ya pareto. Mama akanipa ile karatasi, na Mama Yosefu akapiga makofi: "Haya, memsahibu, tusomee Kiingereza chako tusikie hiyo pua ikiongea!" Wakacheka wote. Uso ulinichoma. Mistari ilikuwa miwili. Nikasoma wa kwanza: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wa pili niliuona, nikauelewa vizuri kabisa: weka mahali mtoto hafiki, vikizidi vinaua. Nikakunja karatasi. Nilijiambia nitamweleza Mama wakishaondoka. Wakaondoka, nikaenda kuteka maji. Nilisahau? Hapana, Kiprono. Niliona haya tu.

Mama akaiweka chupa kwenye kikapu chake kando ya kitanda, pale pale unapofika. Siku ya tatu, mchana, ulinijia ulimi mwekundu, unacheka: "Nimemaliza peremende ya Mama!" Ukanionyesha chupa. Lori la maziwa lilikupeleka Nakuru ukitapika magotini pa Mama. Mama alirudi na blanketi tupu.

Siku hizi hasemi na watu. Ananiuliza mimi tu, kila mara neno hilo hilo: "Ningejua, ningeiweka pale kweli?" Nami nachukua ufagio, nafagia mahali pasafi. Mwaka mzima namwachia mzigo wangu aubebe, na ufunguo shingoni juu yake. Walimu wananiita msichana mpole. Upole gani huu?

Nakuaga hapa, mdogo wangu. Hukuwahi kujua hata herufi a, kwa hiyo karatasi hii sitaizika kaburini kwako. Mama naye hajui kusoma. Kesho wenzake wakienda pareto, nitaketi naye jikoni nimsomee yote kwa sauti, mpaka mwisho, bila kuruka mstari. Akitaka kunipiga, anipige.

Dada yako aliyekufundisha peremende,
Chelagat