Vidonge kwenye Sinia

Jumatatu, 2 Juni
Nimempa Mama kidonge chake cha presha cha kawaida, halafu kile cha utafiti. Vyote kila asubuhi. Cha utafiti hakina jina, chupa ina namba tu. Nusu ya washiriki wanapewa dawa mpya, nusu wanapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Eti hata nesi hajui nani kapewa kipi. Mtu agawe asichokijua? Siamini.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Leticia, jirani yetu hapa Buhongwa, naye yumo kwenye utafiti. Jana alikuwa anatwanga huku anaimba. Mama yangu kichwa bado kinamgonga. Nimeramba kidonge chake. Kichungu. Nimeomba cha Mama Leticia, nikaramba. Kichungu vilevile. Wajanja hawa.

Jumanne, 17 Juni
Kliniki. Presha ya Mama imeshuka. Ya Mama Leticia imepanda. Nesi alitabasamu mno, hilo nalo nimelitilia shaka. Nimemvizia mlangoni, nikamuuliza tena nani kapewa kipi.
"Dada, kweli sijui. Tukijua, tutaanza kuona tunachotaka kuona."
Maneno matamu. Mama mdogo alianguka jikoni kwa kiharusi, hakuamka. Nimebaki na Mama huyu mmoja. Jioni nimesema wazi: dawa unayo wewe, Mama Leticia analishwa chaki. Nikacheka. Mama hakucheka.

Alhamisi, 26 Juni
Mama ananificha kitu. Chupa ameihamisha kabatini, anataka kumeza mwenyewe. Nikiingia chumbani anaifunika na kanga. Kichwa kimeanza kumgonga tena. Lazima nesi kambadilishia. Naogopa.

Jumamosi, 28 Juni
Cherehani imeharibika, nimefunga kibanda changu cha kushonea kule Mabatini mapema. Nyumbani wanawake wa jumuiya yao ya kanisani walikuwa wamemaliza sala. Katikati yao sinia letu la kuchambulia mchele, vidonge vyeupe tele. Wale walio kwenye utafiti wamemimina chupa zao zote, wamechanganya, wanagawana kwa kijiko. Hivyo hivyo wanavyogawana dagaa wakinunua ndoo kwa pamoja. Nimesahau hata kuwaamkia.
Mama hakuona aibu. "Si wewe uliyesema mwenzangu analishwa chaki? Nimeze dawa peke yangu, halafu nije kusali naye?"
Nesi niliyemshuku wiki zote hizi hakugusa kitu.

Jumatatu, 30 Juni
Asubuhi nilitaka kunyamaza. Wakitolewa kwenye utafiti, hakuna tena wa kuwapima bure, na zahanati kidonge cha presha leo kipo, kesho hakipo. Lakini Mama aliamka anashika ukuta. Nimempeleka kliniki, njia nzima naomba. Presha iko juu sana. Mama mwenyewe ndiye aliyemweleza nesi habari ya sinia, bila kuficha. Nesi hakufoka. Alikaa chini, akavua miwani. Kasema kama dawa ile inafaa, kwa hawa waliochanganya haitaonekana tena. Nilitamani afoke.

Jumatano, 9 Julai
Wote wa jumuiya wametolewa, vidonge vimerudishwa. Mama kaongezewa dawa ya kawaida, tutanunua dukani. Chupa yake ilikuwa na nini, hatutaambiwa mpaka utafiti uishe. Sijauliza mara ya pili. Namsikiliza tu anavyotamka maneno, maana kiharusi huanza na ulimi mzito.
Presha leo imepungua kidogo. Jioni amekata sato katikati, nusu yetu, nusu ya Mama Leticia. Nimechungulia. Zimelingana.