Viola Ikibaki Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi sebuleni tena. Fidla mbili, selo, viola, na mimi mlangoni na birika la chai. Viola, ile kama fidla lakini kubwa kidogo na nzito ya sauti, ni ya mume wangu, Mutua. Mume wangu! Wiki tano sasa na bado neno hilo ni tamu mdomoni. Muziki wenyewe ni wa karne iliyopita, na siupendi. Fidla zinagombana, selo inanguruma chini yao, halafu wote wanadonoa nyuzi kwa vidole kama mvua ya mawe kwenye mabati. Hauna mahali pa kushika uimbe. Lakini Mutua akifunga macho na kuvuta upinde, namsamehe yote.

Jumatano, 5 Machi
Mama mwenye nyumba alipiga hodi. "Bibi arusi, mmeanza kupigana mapema hivi?" Nikamwonyesha viola. "Kumbe ni hiyo inalia? Si muipeleke hospitali!" Tulicheka. Baadaye sikucheka. Jumapili wanacheza katika ukumbi wa kanisa, mbele ya kamati ya kanisa inayotafuta mwalimu wa muziki. Kamati ikiridhika, Mutua atafundisha watoto hapo na atabaki Machakos. Isiporidhika, atachukua kazi aliyopewa katika shule moja Nairobi, awe analala huko, nimwone wikendi tu. Sikuolewa ili nilale peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemsihi wacheze nyimbo za kanisa. Amekataa. Eti wakimpenda kwa hizo, watakuwa wamempenda mtu mwingine. Nimekasirika. Nampenda. Mwisho wa muziki ndio unanitisha: wenzake wananyamaza mmoja mmoja, viola inabaki na sauti moja, inafifia, inafifia. Nani atajua umeisha?

Jumamosi, 8 Machi
Shati lake nimelipiga pasi mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Ukumbi ulijaa. Walipodonoa nyuzi, vijana wa nyuma walicheka. Kisha ikafika ile sauti ya mwisho. Mzee mmoja mbele akainamisha kichwa. Jirani yake naye. Safu nzima. Ukumbi wote, macho yamefungwa. Walidhani ni wakati wa maombi! Mutua bado anacheza, na anayemtazama ni mimi tu. Upinde ulipotulia, mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkali, akasimama akaomba kwa Kikamba: wagonjwa, mashamba, waliofiwa. Amina kubwa. Makofi hakuna.

Nje mwenyekiti alimshika Mutua mkono. "Mwanangu, hiyo kitu yako imetuingiza kwa maombi vizuri sana. Lakini watoto wetu wataimba nini hapo?"

Nikajua.

Jumanne, 11 Machi
Aliondoka jana kwenda Nairobi. Leo amenipigia saa ya chakula, kelele za wanafunzi nyuma yake. Hakuzungumzia kazi. Amesema hajawahi kusikilizwa maishani kama Jumapili ile, hata na watu wanaopiga makofi. Alikuwa na furaha, nimeisikia. Nikamwambia na mimi nina furaha. Ilikuwa kweli kiasi. Nimefua mashuka, nimeanika. Nyumba imetulia mno.