Nusu Saa ya Bwana Asilimia

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya pili kazini. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, kwa hiyo napiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Ukutani kuna bango la malengo ya maendeleo endelevu, miraba ya rangi za kupendeza. Mkuu wetu — wenzangu humwita Bwana Asilimia, akiwa mbali — hulifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi. Akilisoma, sijamwona.

Sasa tunapima lengo la maji. Sharti ni jepesi: mtu atoke nyumbani, achote, arudi, isizidi nusu saa. Kijiji kikitimiza, kinatiwa kijani kwenye ramani. Kikishakuwa kijani, boza linalokipelekea maji linahamishiwa kwingine.

Tunaanza na kijiji cha shangazi yangu. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Machi

Tumepima. Yaani gari limepima. Dereva aliwasha saa kwenye nyumba ya mwisho — ya shangazi, hakuna nyingine mbele yake — akateremka hadi bombani, akageuza, akapanda. Kiyoyozi kinapuliza. Bwana Asilimia akatazama simu yake kwa uso wa mtu aliyeletewa mjukuu. "Hata robo saa haijafika. Weka kijani."

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama watu wa hapa wana magari. Dereva akakohoa. Mkuu akasema umbali ni umbali, haujali gari wala miguu. Msomi kabisa. Kisha akauliza majaribio yangu yanaisha lini.

Niliweka kijani.

Shangazi alikuwa mlangoni. Mwanamke aliyenilea! Nikainamia karatasi zangu kama simjui.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia shangazi simu kuomba radhi. Radhi ya nini, baba, anasema, ulikuwa kazini. Ila boza halikuja leo. Dereva wa boza ameambiwa huku tuna maji.

Ameteremka bombani mwenyewe, na ile nyonga yake. Amerudi jua limeshapinda. Anacheka — anasema hajawahi kupata maendeleo kwa kasi hii.

Alhamisi, 7 Machi

Wageni wa tathmini wanakuja kesho kuthibitisha. Mmoja, mama fulani, ameomba kuona kwa macho yake mtu akienda kuchota. Kwa miguu. Bwana Asilimia hakugusa chai yake. Baadaye akaja mezani kwangu, mpole kama daktari wa meno.

Nina miguu mirefu, anasema. Nitaigiza mwanakijiji. Nivae raba. Ndoo nitapewa ndogo.

Kwa hiyo leo mimi, mwenye shahada, nimefanya mazoezi koridoni na ndoo ya mfagizi. Wenzangu walipiga makofi. Mhasibu akasema nikipata medali nisiwasahau. Nilicheka nao. Ndivyo nilivyo.

Jioni mkuu akanishika bega. Nusu saa ikipita, nisijisumbue kurudi ofisini. Nikajibu: ndiyo, mkuu.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa njiani.

Wageni wamekaa barazani kwa shangazi, kwenye viti tulivyokuja navyo. Mama yule ana kofia pana na macho yasiyo na mzaha. Akawasha saa. Nikachukua kindoo changu. Ndipo shangazi akatoka ndani na ndoo yake — ile kubwa.

"Na mimi naenda bombani. Twende, mtoto wa kaka yangu."

Uso wa Bwana Asilimia ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga jino la reki. Akaninong'oneza nimwache nyuma, saa ni yangu, si yake.

Tumeteremka kwa mwendo wake. Bombani foleni. "Karani, leo ofisi imekatiwa maji?" akauliza mmoja. Wakacheka, lakini hawakutupisha. Kwa nini watupishe? Gari halikupanga foleni.

Nikamtwika shangazi. Tukaanza kupanda.

Nusu ya mlima kuna jiwe bapa. Amekaa.

"Mimi huwa napumzikia hapa. Wewe tangulia, baba. Wakubwa wako wanakungoja."

Naweza. Raba ninazo, kindoo ni chepesi, na barazani kofia inaonekana kabisa. Nikikimbia sasa nafika — kijiji kijani, kazi ninayo, naye ataliteremkia bonde hili siku zote.

Simu inatetemeka mfukoni. Bwana Asilimia. Nimepokea. Anauliza niko wapi; muda unaisha, nikimbie. Nimesema: ndiyo, mkuu. Hata sasa nimesema hivyo.

Nimeweka kindoo chini, kando ya ndoo yake. Nimekaa.

Simu tena. Sijapokea.

Shangazi ananiuliza ninaandika nini. Nimemwambia kazi. Akanitazama sana. "Umechoka, baba?"

Nimesema ndiyo, nimechoka.

Sijachoka hata kidogo.