Fundi wa Injini Niliyemwombea Kazi ya Jikoni

Muhuru Bay, Jumatatu, 2 Machi 1998. Asubuhi ina mawingu mazito upande wa ziwa. Mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha maji.

Mama Phelesia,

Pokea salamu zangu mimi msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana hapa sina mtu wa kumwambia, na jambo lenyewe nimelitenda kwa mkono wangu.

Mimi ni karani wa shule ya msingi, nina miaka ishirini na saba, nilizaliwa Rangwe nikaolewa hapa ufuoni, na mume wangu, ambaye nitamwita Nashon ingawa si jina lake, ni fundi wa injini za boti, tena fundi ambaye huweka sikio kwenye injini kabla hajagusa spana, akasema, "Hii imekunywa maji," na ikifunguliwa kweli imekunywa maji, ndiyo maana hata watu wa kisiwa cha Takawiri humletea injini zao. Nampenda, Mama, na hilo ndilo limenifikisha hapa.

Desemba maofisa wa jeshi walikuja Homa Bay kuandikisha vijana wenye ufundi, naye akaenda, akakimbia, akapimwa, akahesabiwa meno, akarudi na fomu ya Jeshi la Wanamaji akicheka peke yake. Fomu ilitaka mtu achague kazi, aandike uzoefu wake, kisha airudishe kwa posta. Akaiweka mbele yangu.

"Nyar Rangwe," akaniita, yaani binti wa Rangwe, "jaza wewe, mwandiko wako ndio wa ofisi. Mimi nimeshatia sahihi."

"Umetia sahihi kabla haijajazwa, Baba Terry?"

"Kwani utaandika nini tena mbali na injini?"

Akatoka kwenda kwa wateja wake, nami nikabaki na kalamu. Sasa lazima nikueleze kwamba Novemba, mvua zile kubwa zilipokuwa zikipiga, alipanda boti ya watu kujaribu injini aliyoitengeneza, magugu maji yakajisokota kwenye panga boi, upepo ukaja boti ikiwa imekwama, ikapinduka, wawili tukawazika na yeye akaokolewa akiwa amekumbatia mtungi wa plastiki wa petroli, kwa sababu mume wangu, mtoto wa ziwa, hajui kuogelea, na tangu siku ile nikimwona anakunja suruali kuingia majini mimi huacha nilichoshika nikamsimamia ufuoni hadi atoke. Basi nikasoma orodha ya kazi kwenye fomu: fundi wa injini, fundi wa umeme, mtu wa redio, karani wa stoo, muuguzi, mzamiaji, mpishi. Nikasimama kwenye mpishi. Nikawaza jiko la shule yetu, limejengwa kwa matofali juu ya ardhi kavu, nikasema moyoni kwamba mpishi hawezi kuzama. Nikaandika mpishi. Kwenye uzoefu nikaandika kwamba amepika katika shule yetu miaka mitatu. Nikaipeleka posta siku hiyohiyo.

Mama, Nashon hajui hata maji ya ugali yanachemka lini. Kwetu mwanamume hakai karibu na mafiga. Nilipojifungua Terry alinikorogea uji siku moja tu, ndugu yake Clifford, yule anayetusomea gazeti lenu kwa sauti ufuoni kila Jumamosi likifika saa nane mchana, akasimama mlangoni akauliza, "Jamani, katika nyumba hii nani alimwoa mwenzake?" na ufuo mzima ukamwita mke mwenzangu hadi mtoto akaanza kutambaa.

Ijumaa barua ilifika kwa sanduku la shule, ambalo ufunguo wake ninao mimi. Anaitwa Mombasa kwa mahojiano tarehe 26 Machi, aje na cheti cha upishi, na awe tayari kupika mbele ya wakubwa. Nimeificha. Kila jioni ananiuliza, "Hakuna kitu kwenye sanduku?" nami nasema hakuna, naye anasema, "Serikali haina haraka," kisha anakwenda kulitazama shati alilolipiga pasi. Niichome asahau? Au nimpe, aende akaaibike, ajue ni mimi? Naogopa maji yasinichukulie mume, na naogopa siku atakayoacha kuniamini.

Jana nililala saa saba na dakika arobaini usiku. Saa hiyo nimeiandika kwenye shajara yangu kama kila siku, lakini sababu sikuiandika.

Mke wa fundi

JIBU

Binti yangu,

Nimecheka kwenye uji, lakini kwenye boti sikucheka. Hofu yako naielewa. Mwanamke aliyemtazama mume wake akitolewa majini hahitaji kuhubiriwa. Lakini ulichofanya ni kibaya. Mtu alikupa sahihi yake ikiwa juu ya karatasi tupu, na wewe ukamtungia maisha.

Tena ulikosea hata katika kukosea. Ulidhani mabaharia wa jeshi wakitoka bandarini hubeba chakula kwenye vikapu? Ndugu yangu Paul alipika melini miaka kumi na minne. Jiko la meli lina vyuma vya kuzuia sufuria zisiteleze, na bahari ikichafuka mpishi anakoroga ugali wa watu wengi huku mkono mmoja umeshika ukuta. Wakati huohuo kuna mafundi wa injini ambao kazi yao ni karakana ya nchi kavu, meli ndiyo inayoletwa kwao. Ungeuliza kwanza. Na Paul, kwa taarifa ya shemeji yako Clifford, ana wake wawili na hakuna aliyewahi kuuliza nani alimwoa mwenzake.

Halafu fikiria hili. Leo mumeo anapanda maboti ya watu bila kujua kuogelea, bila koti la kuelea, bila mtu wa kumtafuta akichelewa, na hilo hujaliandikia mtu barua. Wanamaji watamfundisha kuogelea kabla ya kumpa kazi, apende asipende. Paul alitoka Kisii akiogopa hata mto. Alilia wiki ya kwanza, na sasa anawafundisha wajukuu wake.

Usiichome barua. Ni yake. Mpe leo akishakula, mtoto akiwa kwa jirani, na usianze kwa kulia, kwa sababu ukilia yeye ataanza kukubembeleza na hutamaliza kusema. Mwambie ulichoandika, neno kwa neno, pamoja na ile miaka mitatu ya uongo. Atakasirika. Mwache akasirike. Akiondoka, usimfuate ufuoni.

Akirudi, kazi iwe ya barua. Aandike kwa ofisi iliyomwita, kwa mwandiko wake hata kama ni mbaya, aseme kwamba fomu ilijazwa na mtu mwingine, hajawahi kupika, ufundi wake ni wa injini, na anaomba ahojiwe kwa kazi hiyo. Aitume mapema kwa posta ya rejista. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Jeshi halipendi karatasi zinazobadilika. Lakini uongo ukigunduliwa akiwa ameshavaa sare, atafukuzwa, na hapo hutaweza kumsaidia kwa kalamu yoyote. Wakikataa, mtasubiri wakija tena. Na akisema baada ya haya yote kwamba hataki kwenda, liwe neno lake.

Jambo la mwisho. Umebadilisha jina la mumeo, lakini umeacha Rangwe, umeacha Muhuru Bay, umeacha Terry na Clifford, umeacha injini, umeacha hata mtungi wa petroli. Nimekutumia jibu hili kwa posta leo, Jumatatu tarehe 9, kwa sanduku la shule yenu. Gazeti litalichapisha Jumamosi tarehe 14, na najua linafika huko kwenu saa nane mchana na kwamba Clifford hulisoma kwa sauti. Uwe umemwambia mumeo kabla ya hapo.

Mama Phelesia